Baada ya Harambee

Nilipokuwa msichana mdogo kijijini Giakanja, Nyeri, miaka ya sabini, kijana aliyepata nafasi ya chuo hakuwa wa baba na mama yake peke yao. Jina lake lilisomwa kanisani Jumapili, na kufikia Jumatatu lilikuwa limefika kiwandani, watu wakilitaja huku wakingoja kahawa yao ipimwe. Wiki chache baadaye ilifuata harambee. Viti viliazimwa shuleni, chai ikachemshwa kwa sufuria kubwa, na jogoo akapigwa mnada: aliyemnunua anamrudisha, anauzwa tena, hadi jogoo mmoja analipa nauli na blanketi. Karani aliketi mezani akiandika kila jina na kila shilingi. Siku ya kuondoka, akina mama walimsindikiza kijana hadi kwenye matatu ya mjini Nyeri wakiimba, kisha kila mtu akarudi shambani kungoja mahafali.

Huo ndio msaada tulioujua, na haukuwa mdogo. Taasisi ya ufundi iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa jina la Kimathi ilitokana na harambee hizo hizo za watu wa Nyeri. Mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na Desemba 2012 ikapata hati yake yenyewe: Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Karatina nako kukapata chuo kikuu kamili mwaka 2013. Watu waliokuwa wakipima kahawa kwa debe walijenga nchi ya wasomi, na nitawaheshimu kwa hilo maisha yangu yote.

Lakini katika mila yetu ya kuchanga hapakuwa na nafasi ya swali moja: kijana akishafika huko, yuko vipi? Nataka kueleza jinsi swali hilo lilivyochelewa kufika Giakanja, na lilivyofika.

Mimi nilisoma chuo kikuu Nairobi miaka ya themanini, wakati mwanafunzi alipewa chumba, chakula na posho tuliyoiita bumu. Wengi wetu tulituma sehemu ya bumu nyumbani. Kisha mambo mawili yakaja karibu kwa wakati mmoja. Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Nyumba zilizokuwa zikilipa karo kwa kahawa zikabaki na miti isiyolipa hata dawa ya kuinyunyizia. Mwaka 1991 serikali ikaanza kuwatoza wanafunzi wa vyuo vikuu sehemu ya gharama na kuiondoa posho. Palikuwa na maandamano na vyuo vikafungwa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo kila mtu anaiita Helb, ilikuja mwaka 1995. Kati ya 1991 na 1995 walikuwako vijana wengi ambao shamba halikuweza kuwashika mkono, na serikali ilikuwa imewaachilia.

Mmoja wao alikuwa jirani yetu, ng'ambo ya kijito. Alikuwa bingwa wa hesabu tangu shule ya msingi. Alirudi katikati ya mwaka wake wa pili na sanduku lake la bati, na kwa kuwa vyuo vilikuwa vikifungwa mara kwa mara, hakuna aliyeshangaa. Vyuo vikafunguliwa, wenzake wakaenda, yeye akabaki. Mchana alijifungia ndani. Alitoka magharibi, watu wakiwa wamefunga ng'ombe, akatembea peke yake hadi giza liingie. Wazee walikaa kulijadili jambo lake. Mmoja alisema amerogwa, mwingine akasema ni bangi ya Nairobi, wa tatu akasema elimu imempa kiburi. Mtu pekee aliyemfanyia la maana alikuwa mama yake. Kila asubuhi alimpelekea uji, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, akanywa wake naye, wala asimhoji.

Miaka mingi baadaye, akiwa fundi wa umeme mwenye familia yake, alinieleza kilichokuwa ndani ya lile sanduku. Alikuwa ameshindwa mtihani wa somo moja. Moja tu, na angeruhusiwa kuurudia. Lakini ndani ya sanduku mlikuwa na orodha ya harambee yake, aliyoinakili kutoka kwa karani ili siku moja awalipe wote. "Nilikuwa nikiisoma usiku," aliniambia. "Nilijua nani alitoa shilingi ishirini, na nani alitoa yule jogoo. Nikajiuliza, nitawaambia nini watu hawa?"

Maneno hayo yalinifundisha jambo ambalo vitabu vya ualimu havikunifundisha. Mchango wetu ulimpa kijana njia ya kwenda, ila haukumpa ruhusa ya kujikwaa. Kadiri tulivyompenda na kumtolea, ndivyo alivyozidi kuogopa kusema kwamba mambo ni mabaya. Mwanafunzi anayezama mara nyingi hunyamaza kwa sababu anajua vizuri mno waliomtolea jasho lao.

Nilirudi Nyeri kufundisha katika chuo cha ufundi nikiwa na maneno hayo moyoni. Miaka ile ya tisini na mwanzo wa elfu mbili, ushauri nasaha ulikuwa kazi ya ziada ya mwalimu aliyekwisha kulemewa na vipindi, tena aghalabu alikuwa mwalimu yule yule wa nidhamu. Mwanafunzi akionekana kwenye mlango wake, wenzake walijua amekamatwa na kosa. Aliyekosa darasani wiki kadhaa aliandikiwa barua, na barua ilipelekwa kwa sanduku la posta la shule ya msingi ya kijijini kwao, ikakaa hapo. Muhula ukiisha jina lilifutwa kwa wino mwekundu.

Mabadiliko yalikuja polepole, na yaliletwa na watu wengi. Simu ya mkononi ilisaidia. Chuo kilipata mshauri wa kazi hiyo pekee, akahamishiwa chumba cha mbali na ofisi ya nidhamu, chenye mlango unaofungwa. Wanafunzi wenyewe wakafunzwa kusikiliza wenzao. Halafu Machi 2020 vyuo vyote nchini vikafungwa kwa sababu ya korona. Tulipofungua tena, kila darasa lilikuwa na viti vitupu, na mkuu wa idara yetu akatoa agizo ambalo hatukuwa tumewahi kulisikia: kila mwalimu achukue majina ya wasiorudi awapigie simu mwenyewe.

Nakumbuka msichana mmoja aliyepokea simu yangu akiwa anachuma majani chai. Alinyamaza, kisha akauliza, "Mwalimu, ni wewe umepiga? Kwani bado niko kwa orodha?" Alikuwa ameamini kuwa chuo kimemsahau. Alirudi muhula uliofuata. Si wote waliorudi, lakini tangu wakati huo sijamwona mwalimu wa idara ile akifuta jina bila kupiga simu kwanza.

Siku hizi mizigo imeongezeka. Mwaka 2023 serikali ilibadilisha mfumo wa kufadhili vyuo vikuu, wanafunzi wakapangwa kwa makundi kulingana na uwezo wa nyumba zao, na wengi wakajikuta kwenye kundi wasilolielewa. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo ni kinyume cha katiba, na kesi ikaendelea kwenye rufaa. Wazazi wa Giakanja walikuwa wakiniuliza kanisani, "Mwalimu, sasa tulipe ngapi?" Na ndani ya simu ya kila kijana kuna kamari. Pesa ya Helb huingia asubuhi, na kwa wengine haioni jioni. Aliyecheza karo hukopa kwa programu ya mkopo, akikosa kulipa hukopa nyingine, na huzima simu ili asisikie wadai. Mama akipiga haipatikani, anafikiri mtoto yuko darasani.

Kwa hiyo dalili za kijana anayezama nimejifunza kutoka kwa watu wanaowaona vijana kila siku. Kuna mama anayeuza chai na chapati madondo karibu na chuo kimoja mjini Nyeri. Ana daftari la madeni lenye jalada la buluu, kila mwanafunzi na ukurasa wake. Alinionyesha ukurasa wa kijana mmoja wa mwaka wa tatu. Januari: chapati mbili, madondo, chai. Februari: chapati moja, chai. Machi: chai. Kisha ukurasa mtupu, ingawa deni lenyewe halikuwa kubwa. "Anayehama kibanda utamwona akipita na kwenda kwa mwingine," alisema. "Huyu hakuwa akipita kabisa." Alifunga kibanda mapema siku hiyo, akaenda kwenye ploti alikopanga kijana, akamwomba mwenye ploti amfungulie lango, akabisha.

"Nani?"

"Ni mathe wa chapo. Sijafuatia deni, mwanangu. Nimekuletea chakula."

Alimkuta gizani na pazia limefungwa saa tisa mchana, vitabu vimefungwa kwa kamba kana kwamba anahama. Aliketi. Kijana alipokula, alimuuliza waziwazi: "Umefikiria kujidhuru?" Akajibu ndiyo. Mama huyu hakupiga mayowe wala hakumhubiria. Alimshukuru kwa kumwambia ukweli, akakaa naye hadi dadake alipofika kutoka Mweiga, na kesho yake wote watatu wakaenda kwa mshauri wa chuo, kisha hospitali. Kijana aliahirisha masomo kwa mwaka mmoja. Sasa amerudi.

Nilimuuliza mama huyu alijifunza wapi kuuliza vile. Akaniambia mshauri wa chuo aliwahi kuwaita wenye vibanda, wenye ploti, walinzi na waendesha bodaboda, akawafunza alasiri moja. Aliwaeleza kwamba kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Humfungulia mlango wa kusema. Ni jambo ambalo wataalamu wa afya ya akili duniani wanakubaliana nalo, na ningependa lijulikane katika kila nyumba ya Giakanja.

Elimu ya namna hii haihitaji majengo makubwa. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina nyanya wa Harare kusikiliza watu wenye dhiki kwenye mabenchi nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliozungumza na nyanya hao walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida. Hapa kwetu, shirika la Shamiri lililoanzishwa na Mkenya Tom Osborn huwafunza vijana kuongoza vikao vya wanafunzi wa sekondari. Mashosho, yaani akina nyanya, tunao Giakanja, na vijana pia tunao.

Sheria nayo imesogea. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na familia zilificha wagonjwa wao kwa hofu ya polisi. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha katiba. Mzazi sasa anaweza kumkimbiza mtoto hospitalini bila kuogopa kwamba atasubiriwa na pingu.

Ila mabadiliko niliyoyathamini kuliko yote niliyaona kwenye harambee, hapa Giakanja, tukimchangia msichana anayekwenda kusomea uuguzi. Fedha zilipohesabiwa, yule fundi wa umeme, ambaye leo ni mzee wa kanisa, aliomba kusema. Alimwita msichana mbele. "Mwanangu, pesa hizi si deni," alimwambia. "Karani hatakupa majina. Ukifeli somo, tuambie. Ukichoka, tuambie. Ukitaka kurudi nyumbani ukae kidogo, mlango uko wazi, na hakuna atakayekuuliza habari ya jogoo." Kisha akawataja watu watatu waliokubali kumpigia msichana yule simu kila mwezi, kwa zamu, wamuulize anakula nini, analala vipi na rafiki zake ni nani. Niko kwenye zamu hiyo.

Nawaomba ninyi mnaosoma mfanye vivyo hivyo kwa kijana mliyemchangia. Mpigie, na asipopokea, mtafute: mpigie rafiki yake, mwenye ploti wake, ofisi ya wanafunzi. Angalia aliyeacha kula, anayelala mchana, anayegawa vitu vyake, anayekopa ovyo, anayekuja nyumbani kila wikendi au haji kabisa. Muulize waziwazi na umsikilize hadi mwisho kabla ya kumshauri. Usimwache peke yake akikwambia amechoka na maisha. Mpeleke hospitali, au piga simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199. Na siku ya harambee, kabla karani hajafunga daftari, mwambie kijana mbele ya watu wote kwamba anaruhusiwa kujikwaa.