Kilosa, Mikumi na Tembo wa Tingatinga

Jamani, ndoa ina ugomvi wa kila aina. Wetu ulikuwa wa rangi na brashi. Mume wangu ni mhasibu, na usiku mmoja aliniambia anataka kuacha kazi achore picha. Nikamjibu, "Na ada ya mtoto utalipa kwa brashi?" Wiki mbili tukawa tunasalimiana kama wapangaji.

Ijumaa moja tukapanda treni ya SGR kwenda kwao, Kilosa. Tangu treni hii ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, kisingizio cha umbali kimekwisha. Kilosa ni mji mtulivu chini ya milima, wenye miembe, baiskeli na stesheni ya reli ya zamani ya Mjerumani. Upande wa Kimamba na Rudewa ndiko kwenye historia ya mashamba ya mkonge.

Mkonge huo ndio uliomfungua mdomo baba mkwe. Nilimwamkia, akaniitikia, kisha akaniangalia usoni na kuuliza kuna nini. Nikamweleza. Akacheka. "Mwanangu, hata Tingatinga alikuwa kibarua wa mkonge."

Naona aibu kusema, lakini mimi na digrii yangu ya mawasiliano nilijua Tingatinga ni mtindo wa picha. Mtu mwenyewe sikumjua.

Kesho yake, ndani ya gari la abiria kwenda Mikumi, mume wangu akanisimulia. Ndiyo mara ya kwanza kuongea vizuri baada ya siku nyingi. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi kwenye mkonge Tanga, kisha akaja Dar kutafuta maisha. Shule ya sanaa hakuiona. Mwaka 1968 hivi akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi vya dari, kwa rangi ya kung'aa inayopakwa baiskeli. Picha zikauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay, na Wazungu wakazipenda. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani ni mhalifu. Alikuwa amechora kama miaka minne tu. Wanafunzi wake wakaendeleza kazi, na mwaka 1990 wakaunda ushirika.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ila nikwambie ukweli. Hata wakati anachora, kuna kipindi alikuwa anafanya kazi Muhimbili."

Angeweza kunificha hilo. Hakunificha, na hapo moyo wangu ukalainika.

Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya Iringa inapita katikati yake. Tulikodi gari tukaingia mbuga ya Mkata. Jioni wakapita tembo, mama mbele na mtoto akikimbilia nyuma. Mimi nikatoa simu. Mwenzangu akatoa biro, akachora nyuma ya risiti ya chakula. Nikaacha kupiga picha, nikawa namwangalia yeye. Uso ule sijauona tangu tukiwa wachumba.

Mjini Mikumi nikanunua Tingatinga ndogo ya tembo. Kwa mara ya kwanza maishani nikamwuliza muuzaji, "Nani kachora?" Akanionyesha sahihi pembeni, akasema ni yake. Tukapeana mkono.

Tulikubaliana hivi: kazi haachi, lakini Jumamosi ni yake na chumba cha stoo ni chake. Mwaka ukiisha tutakaa tena mezani na hesabu zetu. Sijui itakuwaje.

Ukitaka kwenda na mwenzako, nenda kiangazi, Juni hadi Oktoba, wanyama huonekana kirahisi. Ila pitieni Kilosa kwanza, mkae na wazee. Na ukinunua picha, uliza jina la aliyeichora.

Ile risiti nimeitia kwenye fremu, iko sebuleni karibu na Tingatinga yetu.