Kikapu Tumpelekeacho Mgonjwa



Ndugu wapendwa, kila tarehe 11 Februari Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoanzishwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992. Nasi katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo tunayo desturi njema ya kutokwenda kwa mgonjwa mikono mitupu. Twabeba ndizi, machungwa, parachichi na madafu.

Hata hivyo, kwa mgonjwa wa figo kikapu hicho chaweza kuwa hatari. Vyakula hivyo vina madini ya potasiamu kwa wingi. Madini hayo ni ya lazima kwa misuli na mapigo ya moyo, na figo zenye afya huitoa ziada yake katika mkojo. Figo zikidhoofika, ziada hubaki katika damu. Ikipanda sana, moyo hupiga ovyo na hata kusimama, pengine pasipo dalili ya kutangulia. Ndiyo maana damu hupimwa mara kwa mara.

Aliyeambiwa kuwa potasiamu yake imepanda huishi kwa nidhamu. Viazi vyake humenywa, hukatwa vipande vidogo, huchemshwa kwa maji mengi, na maji hayo humwagwa. Tufaha au kipande cha nanasi hushika nafasi ya ndizi. Chumvi mbadala huiepuka, kwa kuwa nyingi zina potasiamu. Baadhi ya dawa za presha nazo huipandisha, lakini haziachi pasipo shauri la daktari. Tena hakosi zamu yake ya kusafishwa damu.

Sisi wazima hufunga siku 40 za Kwaresima tukiingojea Pasaka. Mfungo wa ndugu huyu waweza kudumu miaka. Tusimwongezee mzigo kwa kusema kwamba anachagua chakula, au kwamba sala pekee ingemtosha. Kushika masharti ya daktari si upungufu wa imani; ni kuutunza uhai aliokabidhiwa na Mungu.

Basi, upendo na uulize kwanza. Kabla ya kufunga kikapu, tumwulize mgonjwa au anayemuuguza ameruhusiwa kula nini. Huenda tukaambiwa kwamba linalohitajika ni nauli ya kwenda hospitali, au mtu wa kuketi naye jioni moja. Hilo nalo ni sadaka.