Babu, mjukuu na mashine ya kuchonga twiga

Kijana wangu wa pili anachonga wanyama kwa kompyuta. Nikisema hivyo kwenye kikoba, wenzangu hucheka, wanadhani nazungumzia michezo ya kwenye simu. Hapana. Ni twiga na tembo wa mbao, wa kushikika, anaowachonga kwenye vitanda vya watoto kule Keko, Dar es Salaam, kwa mafundi samani. Na aliyemfundisha sehemu ngumu ya kazi hiyo hajui hata kuwasha kompyuta. Ni babu yake, baba yangu mzazi.

Baba ni Mmakonde wa Newala. Alikuja mjini akiwa kijana, akachonga miaka mingi pale Mwenge Vinyago. Alichonga mpingo, mti mzito ambao ukiutumbukiza majini unazama. Bega la kulia ndilo lililomstaafisha. Siku aliposhindwa kuinua tezo alifunga vifaa vyake kwenye gunia, akahamia kwetu. Tangu hapo akawa mtu wa kupewa: chai, dawa, hela ya sukari. Hakulalamika, ila niliona namna alivyokuwa akiipokea ile hela, anaitia mfukoni bila kuitazama.

Kijana yeye alisoma useremala VETA baada ya kidato cha nne, kisha karakana moja ikamchukua kuendesha mashine ya CNC. Kwa mzazi ambaye hajaiona: ni meza kubwa, juu yake kuna mota yenye biti inayozunguka kwa kasi. Mota hiyo inakwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini, ikifuata vipimo vilivyoandikwa kwenye faili. Ukiipa ubao ulionyooka na mchoro mzuri, itachimba maua ya mlango kutwa nzima bila kuchoka.

Jioni moja alimweleza babu yake kwamba mashine ya kwanza ya namna hiyo ilionyeshwa kwenye chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952. Baba alicheka mpaka akakohoa, maana mwaka huo ndio aliozaliwa. "Kumbe ni rika langu! Mbona jandoni sikuiona?"

Utani huo ulikuwa mlango. Haukupita muda mrefu, mama mmoja wa Tabata akaagiza kitanda cha mtoto, na ubao wa miguuni aliutaka uliobinuka kwa nje, wenye tembo katikati na twiga kila upande. Ubao wenyewe ulikuwa na upana wa sentimita 90, unene wa sentimita 4, na katikati ulijitokeza sentimita 3 kuliko pembeni. Waliuunda kwa vipande vya mninga vilivyokatwa kwa mshazari na kuunganishwa kwa gundi, kama mbao za pipa.

Hapo mashine ikagoma kuwa na akili. Yenyewe inahesabu kina kuanzia sehemu moja tu. Ukiipimia katikati palipobinuka, tembo anatoka vizuri, lakini ikifika pembeni biti inakata hewa na twiga hawaonekani. Ukiipimia pembeni palipo chini, twiga wanatoka, lakini ikifika katikati inazama karibu unene wote wa ubao, na tembo anageuka shimo. Kijana alijaribu kwanza kwa ubao wa mbao za makreti, akarudi nao nyumbani umetoboka.

Baba aliupokea ule ubao, akaupapasa kwa kiganja toka upande huu hadi ule. Akauliza, "Mume mwenzangu, mgongo wake umeupima?" Akaomba mkaa jikoni, akachora mistari kila baada ya sentimita 5, wima na mlalo, kama nyavu. Akasema wao walikuwa hawachori mnyama mpaka wajue mti umelalaje.

Kijana akaenda kupima urefu wa kila makutano ya mistari kwenye ubao wa mninga, akaviingiza vipimo kwenye programu, akaunda humo mgongo uleule, kisha akaulaza mchoro juu yake kama kanga inavyofuata nyonga. Sasa biti ikawa inapanda na kushuka na ubao, inachimba milimita 8 kila mahali. Ubao uliobinuka pia hautulii mezani, unacheza. Babu alikuwa akishika kazi kwa miguu. Mjukuu akachonga kitako cha mbao chakavu chenye mbinuko wa umbo lilelile, akaulaza ubao juu yake na kuubana.

Kulikuwa na jambo la pili ambalo hakuna kompyuta ingemwambia. Kwenye mchoro, pembe ya tembo ilikatiza nyuzi za mbao. Baba alisema itavunjika, kama si leo, basi siku mtoto atakapoikanyaga akipanda kitandani. Wakamgeuza tembo kichwa hadi pembe ikalala na nyuzi.

Mashine ilifanya kazi siku nzima, kwanza kwa biti kubwa, kisha kwa ndogo yenye ncha ya mviringo. Ila hata biti ndogo huacha vijingazi vyembamba, na kwa kuwa ncha yake ni ya mviringo haifiki kwenye kona kali, kama pembeni mwa jicho au chini ya sikio. Baba akafungua gunia. Patasi ndogo hazihitaji bega, zinahitaji kifundo cha mkono na subira. Kwa asubuhi nne alikuwa akipelekwa Keko kwa bajaji, anafanya kazi saa mbili, anarudi. Alichonga macho, mikunjo ya mkonga na nywele za shingo ya twiga.

Kisha ikaja habari ya fedha, na hapo ndipo nyumba yangu ilipojaribiwa. Mwenye karakana alimwambia kijana akiulizwa aseme kitanda kimechongwa kwa mkono, kwa sababu cha mkono kinauzwa ghali zaidi. Tofauti ilikuwa laki moja na nusu. Mdogo wake alikuwa anadaiwa ada, na mimi ndiye niliyekuwa napokea simu za shule. Kijana akaniuliza, "Mama, niseme nini?"

Kabla sijajibu, baba aliweka kikombe chini. Akasema kwamba kazi ya mkono wake anaijua, na ile ya mashine anaijua, na hataki kusifiwa kwa kazi ambayo hakuifanya. "Na wewe usijifiche nyuma yangu. Kuupima ule mgongo ni kazi. Iseme." Nikamwambia kijana amsikilize babu yake. Ada tungeitafuta.

Mteja alipokuja aliambiwa yote: hapa mashine, hapa mzee. Alipunguza laki moja kwenye bei aliyotajiwa. Hakuna muujiza uliotokea. Ila alipapasa jicho la tembo kwa muda, akauliza kama mzee anaweza kumchongea kigoda cha mama mkwe. Mwenye karakana alinuna wiki nzima, na ada tuliimalizia kwa mkopo wa kikoba.

Kijana alipolipwa alimhesabia babu yake ujira wa saa 8 mezani. Baba alizihesabu tena mwenyewe, noti moja baada ya nyingine, akasema imetimia. Hazikuwa nyingi, lakini zile alizitazama.

Wazazi wenzangu, wengi wetu tuna watoto wanaotaka kazi za mashine na kompyuta, na tunaogopa kwamba zitafuta kila tulichokuwa tukijua. Niliyoyaona ni haya. Mtoto akijifunza mashine, mtafutie pia patasi, randa na mtu anayejua mbao, kwa sababu mashine hutii vipimo na haijui nyuzi. Ajifunze kuchora kwa penseli kwanza. Hakikisha anavaa barakoa na miwani, kwa kuwa vumbi la mninga huwasha kifua. Na mzee akifanya kazi, apewe ujira wake kwa hesabu. Zawadi ina siku yake.

Sasa wana maombi ya nguzo za kitanda, za mviringo, zenye nyani anayepanda. Mashine ya karakana haina kizungushio, kwa hiyo nyani ni wa mkono. Bega la baba haliwezi peke yake. Jumamosi iliyopita binti yangu wa mwisho, yule wa ada, alikaa kando yake na patasi ya kwanza maishani mwake, naye baba akimgombeza kwamba anaishika kama kijiko.