Mama aliponiuliza mtoto ametoka hospitali lini

Jumapili moja mwezi wa Agosti tulimpeleka binti yetu wa miaka minne kutembea mjini Mombasa. Alikula aiskrimu ikamwagikia gauni, akakimbizana na kunguru katika bustani ya Uhuru, kisha tukamsimamisha chini ya Pembe za Ndovu pale Moi Avenue. Mume wangu akampiga picha kwa simu, nami nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Dakika mbili hazikuisha mama akapiga simu kutoka Voi, anakoishi siku hizi. Hakuniamkua wala hakunipa nafasi ya kumwamkia.

"Mtoto ametoka hospitali lini?"

Nikamwambia hakuna aliyelazwa, tumetoka tu kupunga upepo.

"Basi picha ya Mapembeni ya nini?"

Ilinichukua muda kuelewa. Watu wengi huzijua pembe zile kutokana na kadi za posta. Ni pembe nne, mbili upande huu wa barabara na mbili upande ule, zimepishana juu ya magari na ukizitazama kwa mbele zinaunda herufi M. Zilijengwa miaka ya 1950, barabara ikiitwa Kilindini Road, kwa ajili ya ziara ya familia ya kifalme ya Uingereza. Wageni wakapita wakaenda zao, pembe zikabaki zikawa nembo ya mji. Si pembe za kweli, ni bati la aluminiamu. Binti yangu aliponiuliza ndovu wenyewe wako wapi, nilimwambia hawa hawakuwahi kuwapo, akaniangalia kama niliyemdanganya.

Nyumbani kwetu, pembe hizo zilikuwa na maana nyingine. Ndugu yangu, ninayemzidi miaka miwili, ana selimundu, ugonjwa wa damu ambao wengi huuita sikoseli. Aligunduliwa kabla hajatimiza mwaka, mikono na miguu ilipomvimba na kila jirani akawa na jina lake la uchawi. Tangu hapo maisha yetu yakawa ya kulazwa na kuruhusiwa. Maumivu yakimshika usiku, baba anatafuta gari. Akiishiwa damu, tunatafuta wa kumtolea. Na kila aliporuhusiwa kutoka wodini, mama hakwenda moja kwa moja nyumbani. Tulikuwa tukikaa Mikindani, kwa hiyo Mapembeni haikuwa njia yetu hata kidogo. Alitupeleka huko makusudi, mtoto begani, kumpiga picha.

Wakati huo wapigapicha walikuwa wakingoja pale na kamera zimening'inia shingoni. Unalipa nusu, jina lako linaandikwa kwenye daftari, unarudi baada ya siku kadhaa kuchukua picha yako. Mama aligombana nao karibu kila mara. Wao walitaka kuchuchumaa mbali ili pembe ziingie zote, maana ndicho wateja walichokuwa wakitaka. Mama alitaka uso. "Sogea," aliwaambia, "pembe naziona kila siku." Ndiyo maana katika albamu yake kuna picha 11 za ndugu yangu Mapembeni, na katika nyingi pembe haionekani ila kipande cheupe nyuma ya kichwa. Amevaa sweta kwenye joto la Mombasa, kwa kuwa tuliambiwa baridi inaweza kumwamshia maumivu. Mkononi ana chupa ya maji.

Mimi simo hata katika moja. Nilikuwa pembeni nimeshika mkoba wenye dawa, kanga, fomu za hospitali na kandambili zake. Kuna picha moja ambayo ukiitazama vizuri utaona mpini wa mkoba na vidole vinne. Vidole hivyo ni vyangu.

Miaka mingi nilijiambia kwamba jambo hili halikunigusa. Si kweli. Nikiwa na miaka tisa niliamka siku moja nikasema mguu unaniuma. Nililia hasa, nikajikunja kama nilivyomwona ndugu yangu akijikunja. Mama alikaa kitandani akanibonyeza kuanzia pajani hadi kwenye kisigino. Hakunikaripia. Alinipa kikombe cha maji, akanivalisha sare, nikaenda shuleni. Nilikuwa nimeshapanga jinsi nitakavyosimama Mapembeni.

Nimekuwa mwandishi wa habari za afya. Nimewahoji wazazi wa watoto wenye saratani, wenye matatizo ya moyo, wenye selimundu. Huwauliza nauli ni kiasi gani, dawa wanazipata wapi, mtoto analala vipi. Nakumbuka nyumba moja ambako, muda wote wa mahojiano, msichana wa kama miaka kumi alikuwa amesimama mlangoni na sare ya shule, akingoja tumalize ili aepue sufuria. Nilimwomba asogee kidogo kwa sababu alikuwa akiuziba mwanga. Sikumuuliza hata jina. Mimi, kati ya watu wote.

Basi siku ile, simu ikiwa sikioni na mtoto akinivuta gauni, nilimuuliza mama kwa nini ilikuwa lazima iwe Mapembeni.

"Kila akitoka nilidhani hiyo ndiyo picha ya mwisho," alisema. "Sikutaka ya mwisho iwe ya wodini. Nilitaka akipigwa awe mahali ambapo mtu hupeleka mtoto wake kwa furaha."

"Na mimi?"

Alinyamaza. Nilisikia redio yake ikizungumza peke yake.

"Wewe ulikuwa mzima, mwanangu."

Nikamwambia kuhusu mguu. Nilidhani amesahau.

"Nilijua unadanganya," alisema. "Nilikubonyeza nikaona huna kitu. We, sijawahi kufurahi kama siku ile. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia."

Sikuwa na la kujibu. Niliishi na aibu ya asubuhi ile karibu miaka 20, kumbe mwenzangu aliibeba kama zawadi. Ila sitasema kwamba jibu lake lilifuta kila kitu, kwa sababu halikufuta. Mtoto wa miaka tisa hakuambiwa kwamba uzima wake umemfanya mamake alie kwa furaha. Aliambiwa ashike mkoba vizuri, fomu zisianguke.

Hofu yake kwa mjukuu nayo ina msingi. Mtoto huugua selimundu akirithi kinasaba chake kutoka kwa wazazi wote wawili, na wazazi wote wakiwa nacho, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Nilikuwa nimeandika sentensi hiyo gazetini mara nyingi kabla sijapimwa mwenyewe. Nilingoja hadi nilipopata mimba, jambo ambalo ningemlaumu msomaji kwa kulifanya. Nilikutwa na kinasaba kimoja, mume wangu hana, kwa hiyo binti yetu hawezi kuwa na ugonjwa huo. Mama nilimweleza wakati ule ule, akaitikia "alhamdulillahi" tatu mfululizo. Lakini alipoona kichwa cha mtoto na kipande cheupe nyuma yake, yote hayo yalimtoka.

Kabla hajakata simu alitaka kuzungumza na mtoto. Alimuuliza kama anaumwa popote. Binti yangu akafikiri, akasema kidole kinanata aiskrimu.

Jioni ndugu yangu naye akafungua simu. Ana miaka 26 sasa, anafanya kazi Kisumu, anameza dawa zake kila siku na bado hulazwa mara moja moja. Hakuuliza kuhusu hospitali. Aliitazama picha, sijui kwa muda gani, kisha akaandika chini yake kwenye kundi, mama na sote tukiona:

"Mrembo. Na mkoba kashika nani?"

Nikamjibu kwamba safari hii kashika shemeji yake.