Jiwe la mwisho la Eve Muirhead

Najua nimepotea. Wiki tatu sijaandika kitu, na wengine mmeshaanza kuulizana kama baridi ya Uskoti imenimaliza. Nipo. Ila nimekula sapu ya takwimu, ndo maana nilikuwa mpole. Hata mama sijamwambia. Kila akipiga namjibu "masomo yanaenda vizuri tu mama," halafu simu ikikatika nabaki nimeikodolea macho.

Sasa basi, Jumamosi jamaa wa bwenini akanibeba kwenda kujaribu kalingi. Hapa Stirling ndipo timu ya taifa inapofanyia mazoezi, kwa hiyo huwezi kukaa hapa bila kuusikia huu mchezo. Kwa wasioujua: unasukuma jiwe la granaiti, kilo 20 hivi, linateleza kwenye barafu mpaka kwenye duara wanaloliita nyumba (wacheza bao mmeshatabasamu). Wenzako wawili wanakimbia mbele ya jiwe wakisugua barafu kwa fagio ili lisipoteze mwendo. Mawe yaliyo karibu na kitovu kuliko ya wapinzani ndiyo yanayoleta pointi. Kila mtu ana mawe mawili kwa raundi, na kwa kawaida nahodha ndiye anayesukuma ya mwisho, yaani lawama zote zinamsubiri yeye. Jiwe langu la kwanza halikufika hata nusu ya safari. La pili nilifika mimi, jiwe likabaki. Hahahaa.

Tukiwa tunapumzika jamaa akaanza stori za Eve Muirhead. Niliporudi chumbani nikamsoma huyo dada mpaka saa nane usiku, daftari la takwimu pembeni linaniangalia.

Alizaliwa 1990, akakulia Blair Atholl, baba yake mfugaji wa kondoo ambaye naye alikuwa mchezaji wa kimataifa. Ubingwa wa dunia wa vijana alichukua mara nne. Olimpiki ya Vancouver 2010 alikuwa nahodha wa Uingereza akiwa na miaka 19 tu. Mwaka 2013 akawa bingwa wa dunia kule Riga, 2014 akapata shaba Sochi. Mpaka hapo ni zile stori za watoto wenye vipaji ambazo sisi wa sapu zinatuudhi.

Kilichonikamata ni Pyeongchang 2018. Mechi ya kugombea shaba dhidi ya Japani, raundi ya mwisho, Uingereza wako nyuma 4-3 na jiwe la mwisho liko mkononi mwake. Angeweza kutafuta pointi moja, wakalingana, wakaingia raundi ya nyongeza. Yeye akaamua kutafuta mbili amalize kabisa. Jiwe likaenda kombo, pointi wakapata Japani. 5-3. Ikawa medali ya kwanza ya Japani kwenye kalingi ya Olimpiki. Mimi ningeitafuta njia ya kutokea mlango wa nyuma, kweli tena.

Mwaka huohuo akafanyiwa upasuaji wa nyonga. Halafu 2021 timu yake ikamaliza ya nane kwenye ubingwa wa dunia, kwa hiyo nafasi ya Olimpiki ikakosekana. Na hapa ndo paliponishangaza: wakakusanywa wanawake tisa wagombee nafasi tano, na yeye, bingwa wa dunia, akiwa mmoja wa hao tisa. Akacheza upya kama anayeanza. Waliobaki naye ni Vicky Wright (nesi, kipindi cha Korona alikuwa anafanya kazi hospitali), Jennifer Dodds, Hailey Duff na Mili Smith. Wakachukua ubingwa wa Ulaya, halafu Desemba wakaenda Leeuwarden, Uholanzi, kucheza mashindano ya kufuzu. Ile ilikuwa sapu jamani, msinibishie! Wakafaulu.

Beijing 2022 wenyewe haikuwa mteremko. Hatua ya makundi walipoteza mechi nne kati ya tisa, ikabidi wasubiri matokeo ya wengine ndipo wapenye. Nusu fainali na Uswidi, raundi ya kwanza tu wakafungwa nne bila. Wakashinda 12-11 kwenye raundi ya nyongeza. Na fainali wakakutana na nani? Japani, nahodha yuleyule Satsuki Fujisawa. 10-3. Dhahabu pekee ya Uingereza kwenye Olimpiki ile. Agosti mwaka huo akastaafu, na baadaye akateuliwa kuwa mkuu wa msafara wa Uingereza kwa Olimpiki ya 2026.

Nimeiangalia ile fainali mara mbili. Lakini ile ya 2018 nimeiangalia mara nyingi zaidi, sijui kwa nini.

Jana usiku nikampigia mama, nikamwambia. Akanyamaza, nikasikia redio ya jirani kwa mbali. Kisha akauliza, "Mtihani wenyewe lini?" Nikasema Jumanne ijayo. "Haya, ukalale basi. Umekula lakini?"

Nilikuwa sijala. Saa hizi nakimbilia maktaba, mwenye noti za regresheni anitumie tafadhali, nitamnunulia chipsi.