Utii Unaoanzia Nyumbani

Neno "utii" halipendwi sana siku hizi. Vijana wetu wakilisikia wanawaza fimbo, mkubwa anayekemea na mdogo anayenyamaza. Sisi tuliolelewa katika familia za kikatoliki za Butembo na Beni tulilijifunza kwa njia nyingine, na tunaona vema kuieleza hapa.

Kwetu Wanande, mtoto anazaliwa na nafasi yake. Mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule; msichana wa kwanza ni Masika. Hakuna aliyejichagulia. Jina linakuonyesha nani yuko mbele yako wa kumsikiliza, na nani yuko nyuma yako wa kumbeba mgongoni. Wamisionari Waasumpsio walipofika mwaka wa 1929, ubatizo ulileta jina lingine juu ya lile la ukoo, lakini la ukoo halikufutwa. Kasereka akawa Yosefu, akabaki Kasereka.

Nyumbani utii ulikuwa kazi ya mikono. "Kambale, kamata bidoni, enda kuchota mayi!" "Ndiyo mama, niko nakuja." Jioni, bugali na sombe vikiisha kuliwa, tulisali rozari. Baba aliyetutuma mchana kutwa alipiga magoti pamoja nasi, kwenye sakafu ile ile, na mtoto mdogo alipoongoza fungu lake, baba alimuitikia. Furaha yetu ilitoka hapo. Tuliona kwamba hata baba ana Mkubwa wake. Kutumwa na mtu ambaye naye anatumwa si utumwa.

Kinyume chake pia ni kweli: anayeamuru watu bila yeye kumtii yeyote, huyo ni wa kuogopwa. Askofu Emmanuel Kataliko alilijua hilo. Aliongoza jimbo letu tangu 1966 hadi 1997, kisha akawa Askofu Mkuu wa Bukavu. Katika barua yake ya Noeli ya 1999 alikemea mateso ambayo watu walipata wakati wa vita. Februari 2000 waasi wa RCD, waliotawala Bukavu, walimzuia asirudi kwenye kiti chake, akabaki Butembo kama mfungwa asiye na pingu. Alirudi Bukavu Septemba, na tarehe 4 Oktoba 2000 akafariki Roma. Wenye bunduki walimuona mkaidi. Sisi tulimuona mtiifu.

Tangu Oktoba 2014, mauaji ya Beni yameifanya habari hii kuwa nzito. Kuna nyumba ambako rozari inasaliwa na sauti pungufu. Mtu aliyezika wake, tutamwambia nini pale Baba Yetu inapofika kwenye mapenzi ya Mungu? Tusimwambie kamwe kwamba Mungu alipenda panga lile. Aliyeua ndiye aliyekataa kutii. Mungu anaagiza mambo mengine, na mara nyingi ni madogo: mgeni yuko mlangoni, umfungulie.

Waliokimbia vijiji walipofika mjini, familia nyingi ziliwapokea. Chungu cha watu sita kililisha kumi na wawili. Watoto walioambiwa kuacha kitanda walinung'unika. "Huyu ni mgeni wa Mungu, musogee," mama akasema. Wakasogea. Siku chache baadaye, watoto wa nyumba na watoto wa wageni walikuwa wanagombania nani aongoze fungu la kwanza, na wakubwa, pamoja na waliofika wakiwa hawana neno kinywani, walicheka.

Hatusemi kwamba kicheko hicho kilifuta msiba. Tunasema kilikuja kwa sababu mtu alitii, akafungua mlango.

Kwa hiyo, ninyi wazazi wenzetu, musilalamike tu kwamba watoto wa leo hawasikii. Mbele ya kumtuma mtoto, mupige naye magoti. Akikuona unatii, hutapaza sauti sana.