Kilomita 11 za Kumbukumbu

Mwezi uliopita nilikwenda Maili Moja, Kibaha, kutazama gari. Barabara ya vumbi inayoelekea nyumbani kwangu imenishinda na gari langu la chini, nami nilikuwa nimepata mkopo katika chama chetu cha akiba: shilingi 18,000,000, zitakazokatwa kwenye mshahara kwa miaka minne. Nilitaka gari dogo la juu, la mkononi. Aliyeniita ni dalali niliyewahi kumfundisha chuoni. "Shikamoo Mwalimu," alisema. "Wewe ni mzazi wangu. Siwezi kukuuzia kimeo."

Gari lilikuwa linang'aa. Namba D, viti safi, mita ikisoma kilomita 92,000, na kwenye dashibodi hakuna taa hata moja ya onyo. Nakiri kwamba moyoni nilikwisha kulinunua. Kilichoniokoa ni mke wangu, aliyesisitiza niende na fundi mmoja mzee wa Kongowe. Ada yake ilikuwa shilingi 50,000, nami nilinung'unika. Mtu aliye tayari kutoa milioni 18 alionea uchungu elfu 50.

Fundi hakujali rangi. Kwanza aliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa saa 1:30 asubuhi, na boneti ilikuwa ya moto. "Wamelipasha," akaninong'oneza. Injini iliyolala usiku kucha ndiyo husema kweli inapowashwa: moshi wa bluu ni oili inayoungua, moshi mweupe usiokoma ni maji yanayopenya yasipotakiwa. Injini iliyokwisha kupashwa huweza kuficha yote mawili. Kisha akalinganisha namba ya chesisi na ile ya kwenye kadi, zilikuwa sawa. Akainama kutazama mpira wa pedeli ya breki, akaukuta umelika hadi chuma kinaonekana. "Mguu haudanganyi, Mwalimu. Kilomita 92,000 hazili mpira namna hii."

Mwisho alichomeka mashine yake ndogo chini ya usukani. Haikuonyesha hitilafu yoyote, nami nikashusha pumzi. Ndipo aliponielekeza kwenye mstari mwingine wa kioo: kumbukumbu za hitilafu zilikuwa zimefutwa kilomita 11 zilizopita. Gari lilikuwa limesahaulishwa ugonjwa wake.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof, aliyekuja kuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001, alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Hoja yake ni rahisi kuieleza. Muuzaji anajua hali ya gari, mnunuzi hajui. Kwa hofu yake, mnunuzi hutoa bei ya wastani kwa magari yote. Mwenye gari zima huona anapunjwa, akaliondoa sokoni, na yanayobaki ni mabovu. Kwa hiyo udanganyifu humuumiza mnunuzi na pia humfukuza muuzaji mkweli.

Nikiwa kwenye daladala kurudi nyumbani, hoja hiyo niliyoifundisha miaka mingi ilinigeukia. Miaka kadhaa iliyopita wakaguzi wa ubora walitangaza kuja katika idara niliyokuwa nikifanyia kazi wakati huo. Usiku wa kuamkia siku hiyo tuliketi watu watatu na kuandika mihtasari ya vikao vya mwaka mzima, vikao ambavyo vingi havikufanyika. Mwenzetu mmoja alikataa kutia saini. Hatukumgombeza, tuliacha tu kumwita kwenye mambo ya maana, na baada ya muda akahama. Wakaguzi walikuta mafaili yasiyo na hitilafu yoyote.

Ibara ya 143 ya Katiba yetu imemweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na kila mwaka ripoti yake inapotoka tunawanyooshea vidole wakubwa. Ni haki yetu. Lakini mkaguzi husoma kile kilichoachwa kwenye faili, na mafaili huandikwa na watu kama mimi, usiku, kwa kalamu ya ofisi.

Sikulinunua gari lile. Dalali hakubisha, alitabasamu na kusema, "Mwalimu, kila mtu anafanya hivyo." Sikupata ujasiri wa kumkaripia. Mihtasari ile tuliiandika katika miaka ambayo yeye alikuwa mwanafunzi wa idara hiyohiyo.

Sasa ni zamu yangu kuuza. Gari langu la chini liliwahi kuchemsha, likabadilishwa gasketi ya silinda hedi, na gia ya pili hushtuka asubuhi. Nimeyaandika hayo kwenye karatasi, pamoja na tarehe na stakabadhi za spea. Mnunuzi wa kwanza aliisoma, akaaga. Wa pili ameshusha bei kwa milioni moja na nusu, na kesho saa 1 asubuhi anakuja na fundi wake. Nimemwahidi kwamba sitaliwasha kabla hajafika.